Waacheni skauti waongoze, lakini msiwaache peke yao

Huenda msomaji akauliza skauti wana uhusiano gani na ukurasa wa afya. Swali hilo ni la haki. Wengi wetu tunapowaona vijana hao wenye skafu shingoni, huwa ni Siku ya Mashujaa au ya Jamhuri, nao wamesimama juani wakizuia umati au wakiwapelekea wageni waheshimiwa chupa za maji jukwaani. Ndiyo maana tumezoea kuamini kwamba kazi ya skauti ni kutumwa, na kazi ya mlezi wake ni kutuma.

Katika kaunti za Migori na Homa Bay, imani hiyo inawagharimu watoto afya yao. Maoni yangu ni kwamba kundi la skauti linaloongozwa na vijana wenyewe, huku watu wazima wachache wakijitolea kulilinda, ni kinga ambayo hakuna zahanati inayoweza kuigawa kwa dirisha la dawa. Hata hivyo, kinga hiyo hufanya kazi tu iwapo mtu mzima anajua mambo mawili: wakati wa kunyamaza, na wakati wa kukataa katakata.

Hali ilivyo

Tuanze na hesabu. Uchunguzi wa kitaifa wa UKIMWI wa 2018, unaojulikana kama KENPHIA, ulionyesha kuwa asilimia 4.9 ya Wakenya wa umri wa miaka 15 hadi 64 walikuwa na virusi. Homa Bay kiwango kilikuwa asilimia 19.6, cha juu kuliko kaunti nyingine yoyote nchini, na Migori asilimia 13. Nao uchunguzi wa idadi ya watu na afya wa 2022 ulibainisha kwamba asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini walikuwa wamewahi kushika mimba. Katika kila moja ya kaunti hizi mbili, kiwango kilikuwa asilimia 23. Hiyo ni karibu msichana mmoja kati ya kila wanne.

Sababu zake wakazi wanazijua kuliko daktari yeyote. Kuna umaskini. Kuna ule mtindo wa ufuoni unaoitwa jaboya, ambapo mvuvi humuuzia mwanamke samaki kwa sharti la mwili wake. Kuna machimbo ya dhahabu ya Nyatike, mashamba ya miwa ya Awendo na mji wa mpakani wa Isebania, ambako fedha hupita mikononi mwa wanaume wazima huku wasichana wakikosa hata za sodo. Upande wa Kuria kuna ukeketaji, ambao sheria ya 2011 iliupiga marufuku lakini bado haujaisha.

Juu ya hayo yote kuna malaria na kichocho, maradhi ambayo watu wa ziwani wameyazoea kiasi cha kuyaona kama jirani mkorofi asiyehama.

Kuambiwa si kujua kuamua

Dawa ambayo tumeipendelea kwa miaka mingi ni hotuba. Wanafunzi hukusanywa uwanjani, mgeni huja na kipaza sauti, huwaambia wajiepushe na tamaa, hupigiwa makofi, kisha huondoka. Jioni ya siku hiyo hiyo mwanabodaboda humpa msichana lifti ya bure, na hotuba haipo pale kumsaidia kujibu.

Tunao ushahidi kutoka nchini mwetu. Mwaka wa 2011 mtaalamu wa uchumi Pascaline Dupas alichapisha utafiti uliofanywa katika shule za msingi za magharibi mwa Kenya. Katika baadhi ya shule, walimu walipewa mafunzo ya kufundisha mtaala wa UKIMWI uliosisitiza kujiepusha na ngono hadi ndoa. Katika nyingine, wanafunzi walielezwa waziwazi kwamba wanaume waliowazidi umri wana viwango vikubwa vya maambukizi kuliko wavulana wa rika lao. Mafunzo ya walimu hayakupunguza mimba. Maelezo yale ya wazi, yaliyotolewa katika kipindi kimoja tu, yalipunguza mimba za wasichana kwa asilimia 28.

Funzo ninalolichukua hapo ni hili: kijana akipewa ukweli anaoweza kuutumia, huutumia. Anachohitaji zaidi ni mahali pa kufanyia mazoezi ya kuamua, kubishana, kusema la, na kusimama na neno lake mbele ya wenzake. Mazoezi hayo hayapatikani darasani, ambako jibu sahihi linajulikana na mwalimu tayari. Nyumbani nako hayapatikani kwa urahisi, kwa kuwa mtoto anayebishana huitwa mtovu wa adabu. Katika skauti yanaweza kupatikana, endapo skauti yenyewe itafanywa jinsi ilivyokusudiwa.

Kikosi na baraza lake

Mwanzilishi wa skauti, Robert Baden-Powell, alikuwa mwanajeshi wa Uingereza. Mwaka wa 1907 aliwapeleka wavulana wapatao 20 kwenye kisiwa cha Brownsea, akawagawa katika vikosi vinne, na kila kikosi kikawa na mvulana wa kukiongoza. Wazo lake lilikuwa jepesi: mwachie kijana wajibu wa kweli, naye atakua kufikia kimo cha wajibu huo. Skauti iliingia Kenya mwaka wa 1910. Baden-Powell mwenyewe alifia Nyeri tarehe 8 Januari 1941 akazikwa huko huko, na hadi leo maskauti hukusanyika penye kaburi lake kila Februari.

Chama cha Skauti cha Kenya huwapokea wavulana na wasichana, na huwapanga kwa umri: Sungura, Chipukizi, Mwamba na Jasiri. Kundi hugawanywa katika vikosi vya vijana sita hadi wanane. Kila kikosi kina kiongozi wake, na viongozi hao huketi pamoja kama baraza. Ni baraza hilo linalopaswa kuamua kundi litafanya nini, litakwenda wapi, litakula nini na litamfanyia nini mwenzao aliyekosa.

Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Kwa bahati mbaya, makundi yetu mengi yako shuleni, na mlezi wake ni mwalimu aliyekwisha kufundisha vipindi chungu nzima tangu asubuhi, asiyelipwa hata senti moja kwa kazi hii. Kwake ni rahisi zaidi kuamrisha. Huchagua viongozi mwenyewe, huandika ratiba mwenyewe, na mkutano wa skauti hugeuka kuwa gwaride. Vijana wanajifunza kugeuka kulia na kushoto kwa amri. Siku mtu mwingine atakapowaamrisha, mwenye nia mbaya, watageuka vilevile.

Ugali ulioungua na maji ya ziwani

Tuchukue mfano. Tuseme kundi la vijana 32 kutoka Rongo linataka kupiga kambi karibu na Mbita kwa siku tatu. Baraza limekaa na kupiga hesabu ya nauli, unga, omena, sukuma wiki na mafuta. Mlezi anaona kwamba kikosi kimoja kimesahau chumvi, na kingine kimempa upishi mvulana asiyewahi kushika mwiko. Afanye nini?

Anyamaze. Ugali ukiungua, na wale ulioungua. Omena isiyo na chumvi haijamuua mtu. Usiku huo kikosi kitagombana, kitacheka, na safari ijayo kutakuwa na orodha ya vitu iliyoandikwa kwa mkono wao. Mlezi akikimbia dukani kununua chumvi, amewaokolea chakula cha jioni na kuwanyima somo.

Lakini jua limekuwa kali, na baraza lile lile linaamua kwamba baada ya chakula wote waende kuogelea ziwani. Hapo mlezi hana haja ya kuomba kura. Anakataa. Minyoo ya kichocho hutoka kwa konokono walio majini na kupenya ngozi kwa dakika chache, bila kuuma. Majuma au miezi baadaye kijana huanza kuumwa na tumbo na kuona damu kwenye choo, na akikaa miaka bila dawa ini lake huharibika. Ziwani kuna hatari nyingine pia: vina visivyojulikana, na viboko wasiotaka mgeni.

Kipimo ninachokipendekeza ni hiki. Kosa ambalo litakuwa limekwisha kesho asubuhi ni mwalimu mwema, liacheni litokee. Kosa lisilorudishika ni kazi ya mtu mzima kulizuia, hata kama kundi zima litanuna.

Kwa kipimo hicho, mambo yasiyopigiwa kura katika kambi ya kando ya ziwa si mengi. Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote au yatiwe dawa. Maji ya kuoga yakitoka ziwani, yakae kwenye pipa lililofunikwa siku mbili nzima kabla ya kutumiwa, kwa kuwa mabuu ya kichocho hufa katika muda huo. Choo kiwe mbali na maji na mahali pa kunawia mikono pawe karibu na choo. Kila mmoja alale ndani ya chandarua. Anayepata homa apimwe malaria siku hiyo hiyo, wala asingojwe hadi kambi iishe. Anayepanda boti avae jaketi la kuokoa maisha, hata kama safari ni ya dakika kumi.

Mlezi awaeleze vijana sababu ya kila sharti. Kisha awaachie wao kupanga nani atachemsha maji, nani atakagua vyandarua na nani atasimamia choo. Sharti ni la mtu mzima, na utekelezaji ni wao. Kijana aliyekagua vyandarua vya wenzake usiku tatu mfululizo hatasahau kufunga chake nyumbani.

Vidonge vilivyo ndani ya begi

Kuna jambo moja ambalo halizungumzwi, nalo ndilo linalodai busara kuu. Kwa hesabu tulizoziona, katika kundi la vijana 32 wa Homa Bay si ajabu kuwako mmoja au wawili wanaomeza dawa za virusi vya UKIMWI kila siku. Huenda walizaliwa navyo. Wakiwa kambini, wakilala hema moja na wenzao, wataogopa kuonekana wakimeza vidonge, na kwa aibu watavificha chini ya begi hadi kambi iishe. Dawa hizo zikirukwa mara kwa mara, virusi huweza kupata nguvu na kuzizoea.

Vilevile eneo la ziwa lina watoto wengi wenye ugonjwa wa selimundu, ambao baridi, uchovu na kukosa maji mwilini huweza kuwaletea maumivu makali. Wako wenye pumu. Wako wenye kifafa, ambao hawapaswi kuachwa karibu na moto au maji bila mtu wa kuwaangalia.

Kwa sababu hiyo, kabla ya safari kila mzazi ajaze fomu ya afya ya mwanawe, na fomu hiyo ishikwe na mtu mzima mmoja tu, anayejua kutunza siri. Asiisome mbele ya baraza. Asiitaje hata kwa mafumbo. Sheria ya 2006 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inakataza kutangaza hali ya mtu bila idhini yake. Kila jioni mlezi anaweza kuweka nusu saa ambapo kijana yeyote mwenye dawa ya aina yoyote, iwe ya pumu, ya mafua au nyingine, huja kwake faraghani. Nani anameza nini, hakuna ajuaye.

Hapa pana tofauti kati ya kundi linaloongozwa na vijana na kundi lililotelekezwa. Kijana wa miaka 15 anaweza kuongoza wenzake kupika, kutembea na kupatana. Hapaswi kubebeshwa siri ya ugonjwa wa mwenziwe.

Walinzi nao walindwe, na wachungwe

Tuseme ukweli mwingine usiopendeza. Si kila mtu mzima anayejitolea kukaa na watoto huja kwa nia njema. Nchini Marekani, chama cha skauti cha wavulana kiliomba ulinzi wa sheria ya kufilisika Februari 2020 baada ya kukabiliwa na mashtaka ya unajisi ya miaka mingi. Zaidi ya watu 82,000 walijitokeza kudai kwamba walidhulumiwa wakiwa wadogo. Mahakama iliidhinisha mpango wa kuwalipa dola bilioni 2.46. Nalo shirika la skauti duniani, katika mkutano wake wa 2002, lilipitisha azimio la kuwakinga vijana na madhara.

Kwetu tuna Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 na Sheria ya Watoto ya 2022, lakini sheria haifiki hemani usiku. Kinachofika ni kanuni ndogo zinazofuatwa bila kuoneana haya. Mtu mzima asikae peke yake na mtoto mmoja mahali pasipoonekana. Safari ya wavulana na wasichana iwe na walezi wa kiume na wa kike. Watu wazima wasilale hema moja na vijana. Anayetaka kujitolea aulizwe alikotoka na kwa nini aliondoka, hata awe mtoto wa chifu.

Vijana nao waelezwe haya mapema, ili ajuaye kanuni aweze kuona inapovunjwa. Wajue kuwa simu 116 ni ya bure na ni ya kuwasaidia watoto. Wajue kwamba aliyenajisiwa afikishwe hospitalini mara moja, kwa kuwa dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinapaswa kuanzwa kabla ya saa 72 kupita, na mapema zaidi ni bora. Msichana wa Kuria anayeogopa likizo ya Desemba ajue atamwambia nani, kwa jina.

Kundi ambalo vijana wamezoea kusikilizwa kuhusu ugali ndilo ambalo kijana atathubutu kusema jambo zito zaidi. Ambaye hajawahi kuulizwa maoni yake hata mara moja hataanza kuyatoa siku ya balaa.

Wanaopinga

Wako wazazi watakaosema kwamba watoto wa siku hizi wameharibika na wanahitaji mkono mkali, si baraza. Wananikumbusha methali ya samaki kukunjwa angali mbichi. Naikubali methali hiyo. Hata hivyo, samaki aliyekunjwa hawezi kujikunjua, na mtoto tunamtarajia atoke kikaangoni mzima. Nidhamu ya kuamriwa huisha mwenye kuamrisha anapoondoka.

Walimu nao watasema hawana muda. Hao nawaelewa kabisa, na ndiyo maana mzigo huu haufai kuachiwa shule pekee. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na wanafunzi wengi wasirejee hadi Januari 2021, makundi ya shuleni yalikosa pa kukutania wakati ule ule watoto walipohitaji zaidi mahali pa kwenda. Kundi linalokutana kwenye uwanja wa kanisa, wa msikiti au wa chifu lina nafasi ya kuendelea hata lango la shule likifungwa.

Tufanye nini?

Wewe msomaji uliye Kisumu, Nakuru au Nairobi, mwenye boma Ndhiwa, Oyugis, Uriri au Kehancha, kuna kazi inakungoja. Muuguzi anaweza kufundisha huduma ya kwanza Jumamosi moja kila mwezi. Fundi anaweza kuonyesha jinsi ya kujenga choo cha kambi. Wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao serikali iliwazindua zaidi ya 100,000 mwaka wa 2023 na kuwapa mikoba ya vifaa, tayari wanaishi vijijini humo, na waalikwe. Chama cha Skauti hutoa mafunzo kwa walezi. Mwenye shanga mbili za mbao shingoni ameyapitia. Serikali za kaunti zinaweza kusaidia kulipia mafunzo hayo, kwa gharama iliyo ndogo kuliko ya warsha nyingi za hotelini.

Mzazi ambaye mwanawe ni skauti aende kwa mlezi na kumuuliza maswali matatu. La kwanza: ni jambo gani ambalo vijana waliamua wenyewe mwezi uliopita? La pili: ni jambo gani uliwakatalia, na kwa nini? La tatu: mwanangu akiugua usiku kambini, nani atampeleka hospitalini, na kwa gari gani?

Mlezi asiye na jibu la swali la kwanza anaendesha gwaride. Asiye na jibu la pili na la tatu ameliacha kundi lijiendee. Anayeyajibu yote matatu, mpe mwanao, mshukuru, kisha umuulize akupe zamu ya kusaidia.